Dirisha nililolipigilia misumari

Juu ya kabati la nyumba yetu kuna kopo la zamani la maziwa, na ndani yake mna misumari minne mirefu. Imepindika na kushika kutu. Mke wangu ametaka kuitupa mara nyingi, nami nakataa. Leo nataka kuwaelezeni habari ya misumari hiyo. Itanibidi kusema mengi juu ya madirisha, kwani kwa miaka mingi niliyatazama madirisha ya nyumba yangu kila siku wala sikuyaona.

Mimi ni mwalimu, na nyumba yangu iko Bukavu, mteremkoni. Anayeujua mji wetu atacheka kusikia hivyo, maana Bukavu ni nyumba gani isiyo mteremkoni? Ziwa Kivu liko chini yetu, na maji ya ziwa lenyewe yako mita 1,460 juu ya bahari. Basi baridi ya usiku twaijua, hasa mvua ikiwa imenyesha tangu mchana. Mvua huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi na vumbi. Nataja majira haya kwa sababu miti ya dirisha haijui kusoma kalenda, lakini mvua na jua inavijua vizuri.

Nilijenga mwaka 2004. Fedha zilikuwa chache na mvua ilikuwa karibu. Kwa dirisha la chumba cha nyuma nilimwendea fundi seremala, mzee mmoja wa mtaa wetu. Akanionyesha mbao za mkaratusi alizokuwa nazo.

"Mwalimu," akasema, "mbao hizi zimepasuliwa juma hili. Bado zinalia maji. Ngoja zikauke, tuonane baada ya miezi mitatu."

"Fundi," nikamjibu, "na mvua nayo itaningoja?"

Akacheka kidogo, akafanya kazi. Mwenye fedha ndiye mwenye neno, hata neno lake likiwa la kijinga.

Sasa mkaratusi mbichi una tabia yake. Ukikauka hujikunja na kupasuka, na ukipata mvua huvimba tena. Mti hauvimbi sana kwa urefu, huvimba kwa upana. Kwa sababu hiyo dirisha la mbao zilizosimama hushika ubavuni. Mvua ya kwanza ilipokuja, dirisha langu likashika. Mimi nikaazima randa, nikalichonga ubavu mpaka likapita vizuri, nikajiona fundi. Ikafika Julai, mbao zikasinyaa, na mahali nilipochonga kidole kikapita. Vumbi likaingia, upepo ukaingia, na mende nao wakaona njia. Novemba likashika tena. Nikachonga tena. Miaka mitatu tulikuwa tukishindana hivyo, mimi na dirisha langu, wala sikufikiri hata mara moja kwamba yafaa kuungoja ukavu, kulitoa dirisha, na kulipaka rangi pande zote. Nasema pande zote: hata juu na chini, mahali msumeno ulipokata mti, pale ambapo jicho la mtu halifiki. Huko ndiko maji yanakopenda kunywewa. Watu wengi hupaka rangi upande unaoonwa na wageni tu.

Kisha ikaja Dominika ya tarehe 3 Februari 2008. Saa tatu na nusu asubuhi ardhi ilitetemeka. Wapimaji walisema nguvu yake ilikuwa 5.9. Watu walikufa upande wetu, na wengine ng'ambo ya Ruzizi, katika nchi ya Rwanda. Nyumba yetu ilisimama. Walakini dirisha la chumba cha nyuma, tangu siku ile, likakataa kabisa. Juu lilikuwa na mwanya, chini limebana. Kwenye pembe ya juu, ukutani, ulitokea ufa mwembamba kama unywele, ukapanda kwa mshazari kuelekea dari. Nikauziba kwa simenti, nikapaka chokaa, nikaona nimemaliza.

Miaka miwili baadaye wezi waliingia kwa jirani, nao walipita dirishani. Usiku wa pili yake sikuweza kulala. Nikachukua nyundo, nikachukua misumari minne, nikapiga miwili juu na miwili chini. Nyanya zote nikazisahau, lakini nyufa zote za dirisha nikazikumbuka: nikazijaza matambara ya shati la zamani. Upepo ukakoma. Vumbi likakoma. Nawaambieni kweli, nilijisifu mbele ya mke wangu kwamba dirisha lile sasa limepona.

Mwezi wa Aprili 2012 shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka kijijini, pamoja na mjukuu wake, mtoto wa miaka minne. Tukawapa chumba cha nyuma. Mvua ilinyesha tangu saa nane mchana, na usiku ulipoingia ilikuwa ingali ikinyesha. Shangazi ni mtu mzima, mifupa yake yaogopa baridi.

"Mwanangu," akaniambia, "kwetu tunalala karibu na moto. Huku kwenu moto unalala nje, na watu wanalala na baridi."

Tukacheka sote. Kisha nikatoka barazani, nikaichukua mbabula ambayo mke wangu alikuwa amepikia, nikaiingiza chumbani mwake. Niliibeba kwa mikono yangu mwenyewe. Makaa yalikuwa mekundu, hayatoi moshi hata kidogo. Nikawaza: hapana moshi, basi hapana ubaya. Nikafunga mlango ili baridi isiingie.

Katikati ya usiku mke wangu alisikia kishindo, akaniamsha. Tulipofungua mlango tukamkuta shangazi ameanguka sakafuni. Baadaye alitueleza kwamba aliamka kwa maumivu makali ya kichwa, akaona kichefuchefu, akataka hewa. Akaenda dirishani, akasukuma. Akasukuma tena kwa bega. Yeye hakujua habari ya misumari. Alidhani ni nguvu zake zimekwisha. Akageuka ili aje mlangoni, na miguu ikamkataa.

Mtoto alikuwa kitandani. Tulimwita, hakuitika. Nilimwinua, na shingo yake ikaanguka begani mwangu kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Tukawatoa wote wawili nje, mvuani. Jirani mwenye gari alikuja bila kuuliza neno, hata viatu hakuvaa. Hospitalini waliwapa oksijeni. Shangazi alipata nafuu upesi. Mtoto hakufungua macho mpaka alfajiri. Saa hizo za katikati sitazieleza. Alipofungua macho aliomba uji, na mke wangu akatoka chumbani kwenda kulilia ukumbini.

Mama mwuguzi alikuwa akiandika habari zetu katika daftari.

"Baba, chumba hicho hakina dirisha?"

"Kinalo, Mama."

"Linafunguka?"

Nikanyamaza. Akaacha kuandika, akanitazama.

"Nyumba nzima ina madirisha mangapi?"

"Sita."

"Yanafunguka mangapi?"

Nikahesabu kwa vidole, kama watoto wa darasa la kwanza. "Mawili," nikasema.

"Basi una nyumba ya madirisha mawili," akasema, akaendelea kuandika.

Afadhali niseme kwanza jambo lenyewe lililotokea, kwani wengi kwetu bado husema ni moshi, au ni uchawi, au ni chakula kibaya. Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mtu akiivuta, damu huipokea kwa nguvu inayopita mara 200 ile ya kuipokea oksijeni. Damu yetu ni kama wapagazi: wakiisha kubebeshwa mizigo ya bure, chakula kikifika hawana tena bega la kukibeba. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, miguu hulegea. Aliyelala usingizi mzito huenda asiamke kamwe. Dalili moja yafaa kukumbukwa: watu wote wa chumba kimoja wakiugua pamoja, na wakitoka nje wakapata nafuu, msitafute mchawi. Toeni watu kwanza, wapelekeni hospitalini. Wala msidhani kwamba dirisha likifunguka basi mbabula yaweza kulala ndani. Hapana. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya kushinda yote. Siku hizi mbabula yetu hailali chini ya paa moja nasi, hata baridi iwe kali namna gani.

Nilipotoka hospitalini asubuhi ile sikwenda kulala. Nilichukua nyundo nikaing'oa misumari. Kisha nikatuma mtu amwite yule mzee fundi, niliyemkatalia miezi mitatu yake mwaka 2004. Akaja na mfuko wake wa kazi, nikamwomba tuizunguke nyumba pamoja, dirisha kwa dirisha.

Alianza na chumba cha nyuma. Hakushika randa wala patasi. Alitoa kamba. Akaishika pembe ya juu ya kushoto, akaivuta mpaka pembe ya chini ya kulia, akafunga fundo. Kisha akapima kamba ile ile kwa pembe nyingine mbili. Fundo lilipita pembe kwa upana wa vidole viwili.

"Unaona?" akasema. "Kama kiunzi kingekuwa sawa, vipimo viwili vingelingana. Kiunzi kimelala upande. Mwanzo mbao zilikuwa na kosa lao, nami nilikuambia. Lakini tangu tetemeko, kosa liko ukutani. Wewe Mwalimu unachonga dirisha, nao ukuta unaendelea kulisukuma. Mgonjwa ni mwili, wewe unapunguza shati."

Akakwangua chokaa yangu kwa ncha ya kisu. Ufa ulikuwa pale pale, tena umenenepa. Akanieleza kwamba pembe za dirisha ndizo mahali ambapo ukuta huchoka kwanza, kwani uzito wa juu wanyimwa njia ya kushuka moja kwa moja, hukusanyika pembeni. Boriti ya juu ya dirisha ikiwa fupi, au ikiwa haipo, ufa hutokea hapo. Na ardhi ikitulia upande mmoja wa nyumba kushinda mwingine, ufa hutokea hapo vilevile, kwa mshazari kama ngazi. Bukavu twalijua jambo hili. Kule Funu mlima wenyewe hutambaa polepole, wataalamu huupima, na wakaaji wake hawana haja ya vipimo: milango na madirisha huwaambia. Mtu akiona dirisha lililofunguka vizuri mwaka jana limebana mwaka huu katika kiangazi, wakati mbao zimesinyaa, asimwite seremala kwanza. Autazame ukuta, kisha azunguke nje autazame mfereji wa maji.

Fundi alichora mistari miwili ya kalamu ya risasi kukata ufa, mmoja juu, mmoja karibu na mwisho wake, akaniambia niandike tarehe. "Ufa uliokufa hautudhuru," akasema. "Tunataka kujua kama huu unatembea."

Kisha tukaenda sebuleni. Madirisha mawili ya huko ni ya chuma na kioo, nami niliyaheshimu sana kwa sababu ya bei yake. Moja lilikuwa na kioo kilichopasuka pembeni. Nilikuwa nimewapiga watoto wangu kwa ajili ya ufa huo, nikidhani ni mpira. Fundi akakwangua rangi karibu na pembe, na chini ya rangi kutu ilitoka kwa matabaka kama maganda ya kitunguu. Chuma kikila kutu hunenepa. Kutu huhitaji nafasi kubwa kushinda chuma kilichotoka. Basi kilikibana kioo mpaka kikapasuka chenyewe. Kioo kilichopigwa mpira huonyesha mahali pa pigo, na mistari hutawanyika kutoka hapo. Kioo kilichobanwa na kutu hupasuka kutoka ukingoni, ufa mmoja au miwili, hapana pigo popote. Jioni niliwaita watoto, nikawaambia nilikosa. Walifurahi sana, hasa mdogo, ambaye alitaka kujua kama fimbo zaweza kurudishwa.

Ndugu zetu wa Goma wanajua kutu kushinda sisi. Nyiragongo, mlima ule uliomwaga moto tarehe 17 Januari 2002, na tena 22 Mei 2021, hutoa hewa chungu ambayo ikichanganyika na mvua hula mabati na vyuma. Kule dirisha la chuma lisilopakwa rangi halina maisha marefu.

Dirisha la pili la sebuleni halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa limepakwa rangi likiwa limefungwa, kwa ajili ya sikukuu moja, na rangi ikaligandisha kama gundi. Fundi alipitisha ncha ya kisu kuzunguka ukingo, akalipiga kwa kiganja mara mbili, likafunguka. Miaka minne halikufunguka! Mke wangu akasema kwamba sasa anafahamu kwa nini wageni wetu husinzia.

Katika chumba chetu sisi wenyewe nilitaka kumwonyesha fundi ugonjwa wa maji. Kila asubuhi ya mvua kioo kilikuwa kimelowa, maji yakashuka juu ya ubao wa chini, na pembeni palikuwa na ukungu mweusi. Nilikuwa nimezungusha mastiki mpya mara mbili, ule ugoro mlaini wa kushikiza kioo, lakini sikupata faida. Fundi akaniuliza: "Asubuhi isiyo na mvua je?" Nikasema hata hapo kioo hulowa, kama usiku ulikuwa wa baridi. "Basi si mvua," akasema. "Ni ninyi." Pumzi za watu wanne katika chumba kidogo usiku kucha, pamoja na nguo mbichi zilizoanikwa ndani: maji hayo huelea hewani, yakigusa kioo baridi hugeuka matone. Tofauti yaonekana wazi kwa anayetaka kuona. Jasho la chumba hutanda juu ya kioo na kukifunika. Maji ya mvua huingia mahali pamoja, hufuata njia moja, na huacha doa la rangi ya chai ukutani chini ya pembe. Mastiki haiponyi jasho. Huponywa kwa kufungua.

Kumbe kulikuwa na kosa la mvua pia, lakini halikuwa kwenye kioo. Kizingiti cha chini, kwa nje, kilikuwa kimetengenezwa sawasawa kama meza, na maji yalikaa juu yake. Kizingiti chapaswa kuinamia nje. Tena chini yake, karibu na ukingo, fundi mwema hukwangua mfereji mwembamba kama unene wa kalamu. Ni kitu kidogo ambacho watu hukidharau, lakini tone la maji likifika ukingoni hupenda kurudi chini chini mpaka ukutani. Likikuta mfereji ule hushindwa kuvuka, huanguka. Ukuta wangu wa matofali mabichi ulikuwa ukinywa matone hayo miaka minane. Fundi alichoma msumari chini ya kiunzi, na msumari ukaingia kama katika mhogo uliopikwa. Mti mzima huukataa msumari wa mkono. Mti ulioza huukaribisha.

Dirisha la stoo sitalikawilia: mchwa. Juu rangi nzuri, ndani tupu. Ukigonga mti kwa kidole cha kukunja na ukajibu kama ngoma, usingoje.

Dirisha la chumba cha watoto ndilo nililokuwa nimelihesabu kuwa zima. Lilifunguka vizuri, bawaba zake hazikulia, na mbele yake tulikuwa tumeweka antivoli, vile vyuma vya kuzuia wezi, vimechomelewa imara na kuingizwa ukutani. Fundi akavishika, akavitikisa, akanisifu kwa kazi nzuri. Kisha akauliza: "Moto ukiwaka sebuleni, watoto watapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Katika mji wetu moto huteketeza nyumba mara nyingi, hasa nyumba za mbao zilizobanana, ambapo kimoja kikiwaka jirani naye hana nafasi ya kuokoa godoro. Mlango wa watoto watokea sebuleni. Basi tulimwita mchomeleaji, akakata sehemu moja ya vyuma, akaitia bawaba na kufuli kwa ndani. Ufunguo watundikwa kwenye msumari ukutani, mahali mtoto anafika na mwizi wa nje hafiki. Mara moja moja, wakiisha kuzima taa, nawaambia watafute ufunguo gizani. Wao hudhani ni mchezo.

Mtu atasema: Mwalimu, mbu je? Na wezi? Na baridi? Mimi sikatai. Mbu anayeleta malaria hutuuma usiku, na dirisha lililo wazi ni mlango wake. Kwa hiyo tulinunua wavu, tukautandika juu ya viunzi vyembamba vya mbao na kuvibana kwa vikomeo, visiwe vya kupigilia misumari. Wavu wenye matundu ya milimita moja na nusu humzuia mbu. Lakini wavu uliojaa vumbi hufunga hewa pia, nasi huuosha mwezi kwa mwezi. Tena wavu mzuri wenye tundu moja pembeni hauna kazi, na chandarua kitandani tunacho vilevile. Kuhusu baridi, blanketi ni rahisi kushinda jeneza. Samahani kwa neno hili, lakini nililifikiri usiku ule.

Baadaye niliendelea kusoma habari za hewa ndani ya nyumba, kwani kwetu kifua kikuu ni adui wa kila mtaa, nacho hupita hewani. Mwaka 2007 ilitangazwa kazi ya waganga waliopima vyumba katika hospitali nane za mji wa Lima, nchi ya Peru. Vyumba vya zamani, vyenye dari juu na madirisha makubwa, madirisha yakifunguliwa vilibadilisha hewa yote mara 40 kwa saa moja. Vyumba vipya vya madirisha vilibadilisha mara 17. Vyumba vyenye mashine ya hewa, mara 12. Nilizikumbuka nyumba za zamani za misioni zilizoko kwetu, zile zenye madirisha marefu hata mtu akisimama juu ya kiti hafiki juu. Nilipokuwa kijana tulisema wazee waliharibu matofali.

Kazi yote ilituchukua kiangazi kizima cha mwaka 2012. Dirisha la chumba cha nyuma lilitengenezwa upya kwa mbao ambazo safari hii zilikuwa zimengoja. Kiunzi kiliwekwa sawa, boriti ndefu ikawekwa juu, na nje, upande wa mlima, tulichimba mfereji ili maji ya mvua yasikae kwenye msingi. Ile mistari ya kalamu haikufutwa. Katika miezi ya kwanza, kabla ya mfereji, ilikuwa imeachana kwa unene wa kucha. Tangu hapo haijasogea, nami huitazama kila mwanzo wa mvua na kila mwisho.

Shangazi alirudi kwetu mwaka uliofuata. Nilidhani hatakuja tena, au kwamba angeomba kulala sebuleni. Alikuja, akaweka mzigo wake mlangoni, wala hakukaa. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, na sisi sebuleni tukasikia komeo likiondolewa na ubao ukigonga ukuta wa nje. Ndipo aliporudi kutusalimu. Hata leo afanya hivyo kila anapokuja, iwe mvua, iwe jua, na mke wangu hangojei tena aketi ndipo ateke maji ya kumkaribisha. Huyateka anaposikia ule mgongo wa ubao.